Kushika kimo, kugeuza rangi: usawazishaji na FM kwenye sinthesaiza ya moduli

Sinthesaiza ya moduli ni ala ya umeme unayoiunda kwa kuunganisha vipande kwa nyaya, na osileta ni kipande kinachotoa wimbi la sauti. Osileta mbili zikiachwa kila moja iende zake, zinatoa sauti mbili. Chomeka waya mmoja kati yao, moja ianze kuiamrisha nyingine, na utasikia mlio ambao hakuna hata moja kati yao ingeweza kuutoa peke yake. Namna za kuamrisha ziko nyingi, ila mbili ndizo zinazobeba kazi kubwa. Ya kwanza ni usawazishaji: osileta moja inailazimisha nyingine ianze mzunguko wake upya. Ya pili ni FM, yaani kugeuza masafa (idadi ya mizunguko ya wimbi kwa sekunde): osileta moja inayapandisha na kuyashusha masafa ya nyingine kwa kasi kubwa. Ni FM ile ile ya redio, kanuni haijabadilika. Tofauti ni kwamba hapa mawimbi yote mawili yako ndani ya uwezo wa sikio.

Wengi hujifunza moja, kisha nyingine, basi. Kwa maoni yangu utamu uko pale zinapokutana. FM ina rangi, yaani tabia za mlio, nyingi mno lakini haina nidhamu: ukiifungua kidogo tu, noti uliyokuwa unapiga imeshahama. Usawazishaji nao una nidhamu kupita kiasi: kimo cha sauti, yaani ujuu au uchini wa noti, hakisogei, ila rangi zake baada ya muda zinaanza kufanana. Mwongozo huu unazipitia zote mbili haraka kiasi, halafu unatumia muda kwenye kuziunganisha.

Vifaa na matayarisho

Moduli halisi ni ghali, na ukishalipa gharama za usafirishaji na ushuru wa forodha, pesa ya osileta moja inaweza kukupatia laptop ya mtumba. Kwa hiyo anza na laptop. VCV Rack, programu iliyoanzishwa na Andrew Belt na kutoka mwaka 2017, ina toleo la bure linalofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inaiga mfumo wa moduli wa Eurorack, ule ulioanza na A-100 ya Dieter Doepfer wa Ujerumani katikati ya miaka ya 1990. Matundu, nyaya na volti zinafuata tabia ile ile, hivyo utakachozoea hapa utaweza kukihamishia kwenye mashine yenyewe.

Fungua ukurasa mtupu kwenye Rack 2, kisha weka VCO tatu (ndizo osileta), LFO moja (osileta ya polepole), ADSR moja (hupandisha na kushusha volti kila noti inapopigwa), VCA mbili (hukuza au kupunguza wimbi kwa kufuata volti), Scope (huchora wimbi), moduli ya MIDI kwenda CV (hugeuza noti za kinanda kuwa volti), na Audio (hutoa sauti nje). Zote ni za bure. Kama huna kinanda cha MIDI, ndani ya moduli ya MIDI chagua kibodi ya kompyuta. Safu ya herufi Z, X, C na kuendelea inakuwa funguo nyeupe. Ukitaka kuweka namba kamili kwenye nobu yoyote, bofya kulia juu yake uandike namba. Usihangaike kuzungusha kwa kipanya hadi uifikie.

Kabla ya waya wowote, punguza sauti, hasa kama umevaa hedifoni. FM iliyofunguliwa ghafla hupeleka nguvu nyingi kwenye masafa ya juu, na masikio hayapewi taarifa.

Kuna kanuni moja ya kushika kichwani: volti 1 kwa oktavu. Ukiongeza volti 1 kwenye tundu la V/OCT, ambalo hupokea volti ya kimo, masafa yanazidishwa kwa mbili. 110 Hz, yaani mizunguko 110 kwa sekunde, inakuwa 220; volti nyingine, 440. Kanuni hii ndiyo inayowawezesha wapiga kinanda kucheza, na ndiyo itakayotusumbua tukifika kwenye FM.

Usawazishaji mkali, hatua kwa hatua

1. VCO ya kwanza iite kiongozi. Iweke 110 Hz.
2. VCO ya pili iite mfuasi. Nayo iweke 110 Hz kwa kuanzia.
3. Toa waya kwenye SQR (wimbi la mraba) ya kiongozi uupeleke kwenye SYNC (tundu la usawazishaji) ya mfuasi. Hakikisha kitufe cha aina ya usawazishaji kwenye mfuasi kiko kwenye HARD, yaani mkali.
4. Toa SAW (wimbi la msumeno) ya mfuasi uipeleke Audio, na nakala yake Scope. Peleka pia waya kutoka kwa kiongozi hadi tundu la kichochezi cha nje la Scope, ili picha itulie.
5. Kiongozi mwenyewe usimpeleke Audio. Kazi yake ni kuamuru tu.

Sasa zungusha nobu ya masafa ya mfuasi taratibu kutoka 110 kwenda 440, macho yakiwa kwenye Scope.

Kwenye 110 utaona jino moja la msumeno kwa kila mzunguko wa kiongozi. Kwenye 220 yako mawili kamili. Simama kwenye 275, ambayo ni mara mbili na nusu ya kiongozi: meno mawili kamili, la tatu linapanda hadi katikati, kisha linakatwa na kuangushwa wima. Ni kama wanafunzi wanaokimbia kuzunguka uwanja huku mwalimu ana filimbi: kila ikilia, popote ulipofika, rudi mstari wa kuanzia. Aliye na mbio anamaliza raundi mbili na kitu kabla ya filimbi, lakini ukihesabu filimbi, idadi yake haibadiliki. Sikio linahesabu filimbi. Ndiyo maana kimo kinabaki 110 hata mfuasi ukimpandisha hadi juu kabisa.

Kule kukatwa wima ndiko kunakoleta ukali. Pembe yoyote ya ghafla kwenye wimbi ina hamoniki nyingi za juu, yaani masafa yaliyo mara mbili, tatu na kuendelea ya kimo. Mfuasi akiwa mara mbili, tatu au nne kamili ya kiongozi, jino la mwisho linaisha pale pale filimbi inapolia na hakuna kinachokatwa, kwa hiyo sauti inafunguka na kuwa safi kwa muda mfupi; katikati ya namba hizo inakwaruza. Ukizungusha nobu polepole unasikia hilo waziwazi: wazi, mkwaruzo, wazi, mkwaruzo. Mshushe mfuasi hadi 80 Hz, chini ya kiongozi, uone kinachotokea. Hapo hamalizi hata raundi moja, na unachopata ni msumeno wa kawaida wa 110 uliofifia. Kwa hiyo kazi yote iko juu ya kiongozi, kuanzia mara moja hadi kama mara tano hivi.

Mkono hauwezi kuzungusha nobu kila unapopiga noti, kwa hiyo mpe ADSR kazi hiyo. GATE (ishara kwamba ufunguo umebonyezwa) ya moduli ya MIDI iende ADSR. ADSR iende FM ya mfuasi. Kwenye ADSR weka shambulio (A) sifuri, mteremko (D) karibu nusu sekunde, kiwango cha kushikilia (S) sifuri, na nobu ya FM kwenye mfuasi ifungue hadi upende. V/OCT ya MIDI ipeleke kwa wote wawili, kiongozi na mfuasi. Kila noti sasa inaanza na mlio wa kuchana unaoteremka. Sinthesaiza nyingi za osileta mbili zilikuja na uwezo huu, ikiwemo ARP Odyssey ya 1972 na Prophet-5 ya Sequential Circuits ya 1978, na ukisikiliza muziki wa rock wa miaka ile utautambua mara moja. Angalia tu usipeleke ADSR kwa kiongozi. Ukifanya hivyo, kinachopanda na kushuka ni kimo chenyewe na unapata king'ora.

Halafu jaribu hili, ambalo mimi nalipenda kuliko ule mlio maarufu. Chomoa V/OCT ya mfuasi, ibaki ya kiongozi peke yake. Mfuasi mweke karibu 800 Hz, na badala ya SAW yake sikiliza SIN (wimbi la saini, lile laini). Piga noti za chini, juu, chini. Kimo kinabadilika lakini rangi inakaa mahali pamoja, na inaanza kufanana na mdomo wa mtu unaotamka irabu. Sababu ni kwamba kinywa cha binadamu hufanya vivyo hivyo: nyuzi za sauti hubadilisha kimo huku umbo la mdomo likiendelea kukoleza masafa yale yale. Msogeze mfuasi juu na chini ya 800 na irabu inabadilika. Bado hatujagusa filta, moduli ya kuchuja masafa.

Kuhusu usawazishaji laini sina maneno mengi, kwa sababu kila mtengenezaji ana maana yake. Wengine hurudisha wimbi mwanzo pale tu linapokuwa karibu kumaliza mzunguko. Kwenye VCO ya Rack, ukiondoa HARD, wimbi halirudi mwanzo bali linageuza mwelekeo: lilikuwa linakwenda mbele, sasa linarudi nyuma, hadi kiongozi apige tena. Kwa kuwa linahitaji safari mbili kurejea lilikoanzia, utasikia sauti oktavu moja chini ya kiongozi, laini na yenye besi. Inafaa sana kwa besi.

FM: kutoka mtetemo hadi kengele

Chomoa nyaya zote za sehemu iliyopita. Chukua VCO moja, SIN yake iende Audio, masafa 400 Hz. Hii ni mbebaji. Peleka LFO kwenye FM yake, LFO ikiwa kwenye mizunguko 5 au 6 kwa sekunde, nobu ya FM imefunguliwa kidogo sana. Huo ni mtetemo wa kawaida, kama wa mwimbaji anayevuta noti ndefu. Ongeza kasi ya LFO polepole. Ikipita kama 20 kwa sekunde, sikio linaanza kushindwa kufuata kupanda na kushuka. Mtetemo unapotea na mahali pake panakuja rangi mpya.

Mtunzi wa muziki John Chowning alikutana na jambo hili Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, akicheza na mtetemo uliopitiliza kwenye kompyuta. Alichapisha maelezo yake mwaka 1973, Yamaha wakanunua leseni, na mwaka 1983 wakatoa DX7, kinanda kilichopeleka sauti za FM hadi makanisani na kwenye bendi za dansi.

Badilisha LFO kwa VCO ya pili, iite mgeuzi. SIN yake iende FM ya mbebaji. Mbebaji akiwa 400 na mgeuzi 100, masafa mapya yanazaliwa pande zote mbili za mbebaji, yakiachana kwa 100: 300 na 500, 200 na 600, 100 na 700, na kuendelea. Kadiri unavyofungua FM ndivyo jozi za mbali zinavyopata nguvu. Yakifika chini ya sifuri yanakunjwa na kurudi juu: kasoro 100 inasikika kama 100.

Ukishaelewa hesabu hiyo, uwiano wa mbebaji na mgeuzi unakuambia sauti kabla hujaisikia. Mbebaji 200 na mgeuzi 200 hutoa hamoniki zote za 200, mlio uliojaa, kama wa shaba. Mbebaji 200 na mgeuzi 400 hutoa 200, 600, 1000: hamoniki za namba witiri tu, sauti yenye uwazi wa klarineti. Mbebaji 200 na mgeuzi 280 ndio uwiano ambao Chowning alitumia kwa kengele. Hapo unapata 80, 200, 360, 480, 760, masafa ambayo sikio halioni yanaendana na noti gani hasa, na hicho ndicho kinachofanya chuma kisikike kama chuma.

Kengele ikigongwa huanza na fujo kisha hutulia, kwa hiyo kina cha FM, yaani nguvu ya kugeuza, lazima kishuke pamoja na muda. Pitisha SIN ya mgeuzi kwenye VCA kabla haijafika FM ya mbebaji, na ADSR ifungue VCA hiyo: shambulio sifuri, mteremko mrefu wa sekunde kadhaa. Tumia VCA ya pili kwa sauti yenyewe ya mbebaji, ADSR ile ile ikiiongoza. Weka FM ya mbebaji kwenye hali ya mstari kwa kitufe chake, kisha piga noti. Hata kabla ya mwangwi wowote utasikia chuma.

Sasa kwa nini hali ya mstari? Hapa ndipo volti 1 kwa oktavu inapotuletea matatizo. Kwenye hali ya kawaida, tundu la FM linafuata kanuni ile ile ya kinanda. Tuseme wimbi la mgeuzi linapanda volti 1 na kushuka volti 1. Mbebaji wa 400 Hz atapanda hadi 800 na kushuka hadi 200. Amepanda kwa 400, ameshuka kwa 200 tu. Wastani wa masafa umeshakuwa zaidi ya 400. Ukiupigia hesabu kamili kwa wimbi la saini unafika karibu 450, yaani toni nzima juu. Mawimbi ya Rack hutoka na volti 5 juu na 5 chini, hivyo nobu ya FM kwenye 20% tu imeshakupeleka hapo. Ongeza tena na kimo kinakimbia zaidi. Ukitaka kurekebisha kwa mkono, unarekebisha kwa kina kimoja tu. ADSR ikibadilisha kina, kimo nacho kinateleza ndani ya kila noti.

Hali ya mstari huongeza na kupunguza idadi ile ile ya Hz juu na chini, kwa hiyo wastani haubadiliki. Ni nzuri, ila ina mitego miwili. Wa kwanza: wimbi la mgeuzi likiwa halijakaa katikati ya sifuri, mfano mraba wa sifuri hadi volti 10, linambeba mbebaji zima zima kwenda juu. Wa pili: kina kikizidi masafa ya mbebaji mwenyewe, masafa yanatakiwa yashuke chini ya sifuri, na osileta nyingi za analogi zinapofika sifuri husimama tu zikisubiri. Zile zinazoweza kuendelea kinyumenyume, kama A-110-4 ya Doepfer, zimetengenezwa maalumu kwa hilo.

Kuziunganisha

Rudi kwenye hali ya kawaida ya FM, ile inayokimbiza kimo. Ndiyo, ile mbaya. Tunaitaka hiyo kwa makusudi, kwa sababu rangi zake ni kali na za kupinda kuliko za mstari, na sasa tuna namna ya kuifunga.

Muunganisho wa kwanza unataka VCO mbili tu. Mgeuzi aweke 110 Hz na V/OCT ya MIDI iende kwake. Mbebaji aweke popote, tuseme 300. SIN ya mgeuzi iende FM ya mbebaji. SQR ya mgeuzi huyo huyo iende SYNC ya mbebaji, HARD. Sikiliza SIN ya mbebaji. Zungusha nobu ya FM kutoka sifuri hadi mwisho.

Kimo hakisogei. Rangi inapinda, inafunguka, inakwaruza, inapiga kelele, lakini noti ni ile ile ya 110. Chomoa waya wa SYNC huku ukiendelea kuzungusha: kimo kinakimbia mara moja. Uchomeke tena: kinarudi. Jaribu mara kadhaa, kwa sababu hakuna maelezo yatakayokuonyesha jambo hili vizuri kama kuchomoa huko.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila mgeuzi anapoanza mzunguko, mbebaji analazimishwa kuanza naye. Ndani ya mzunguko huo mbebaji anasukumwa huku na kule na FM, lakini njia anayopita ni ile ile kila mara, kwa sababu anaanza sehemu moja na anasukumwa na wimbi moja. Kitu kinachojirudia sawasawa mara 110 kwa sekunde kina kimo cha 110, haijalishi ndani yake kuna vurugu gani. Wastani wa masafa ya mbebaji unaweza kupanda utakavyo. Hauna tena wa kumfikishia habari.

Muunganisho wa pili unataka VCO tatu, na ndio ninaoutumia zaidi:

1. Kiongozi: 110 Hz, V/OCT kutoka MIDI. Hasikilizwi.
2. SQR ya kiongozi iende SYNC ya mgeuzi na SYNC ya mbebaji. Wote HARD.
3. Mgeuzi: 155 Hz. SIN yake ipite VCA, kisha FM ya mbebaji.
4. Mbebaji: karibu 220 Hz. SIN yake iende VCA ya pili, kisha Audio.
5. ADSR ifungue VCA zote mbili.

155 kwa 110 ni uwiano wa karibu 1.41, ambao bila usawazishaji ungekupa chuma kilichopasuka. Hapa unakupa noti unayoweza kuipigia melodi. Shikilia ufunguo mmoja na uzungushe masafa ya mgeuzi kwa mkono: rangi zinapita moja baada ya nyingine na hakuna hata mahali pamoja ambapo noti inapotea. Kisha fanya vivyo hivyo kwa mbebaji. Una nobu tatu, mgeuzi, mbebaji na kina cha FM, na zote sasa ni za rangi tu. Kimo amekabidhiwa kiongozi. Kwa mtu anayepiga mbele ya watu huo ni uhuru mkubwa, kwa sababu unaweza kuzungusha chochote katikati ya wimbo na mpiga besi hatakugeukia.

Kisha vunja utaratibu huo kwa makusudi. Chomoa SYNC ya mgeuzi peke yake, mbebaji abaki amefungwa. Mgeuzi wa 155 sasa anakuta kila mzunguko wa kiongozi akiwa sehemu tofauti, na sauti inapata ukakasi. Lakini msogeze mgeuzi hadi 221 Hz. Mara mbili ya kiongozi ni 220, tofauti ni 1, na rangi yote inazunguka mara moja kwa sekunde, taratibu, bila LFO yoyote. Weka 220.2 na mzunguko unachukua sekunde tano. Sijapata njia nyingine rahisi kama hii ya kuifanya noti ndefu iwe na uhai.

Ya mwisho ni kufunga na kufungua. Pitisha SQR ya kiongozi kwenye VCA kabla haijafika SYNC ya mbebaji. Unaweza kuiazima VCA ya sauti kwa muda, au kuongeza nyingine. LFO ya mraba ya sifuri hadi volti 10, kwenye nusu mzunguko kwa sekunde, iendeshe VCA hiyo. Sekunde moja mbebaji amefungwa na noti imesimama. Sekunde inayofuata yuko huru na FM inampeleka anakotaka. Kisha anavutwa tena. Ukiwa na sikwensa, moduli inayopiga noti kwa mpangilio yenyewe, tumia mpigo wake badala ya LFO ili kufunguliwa kuangukie kwenye mdundo. Ukifungua pigo la nne la kila baa peke yake, unapata mstari wa besi unaoteleza mwishoni na kurudi mahali pake.

Mambo yanayokwamisha

Ukipandisha noti ukasikia milio hafifu inayoshuka badala ya kupanda, hiyo ni mizimu ya kidijitali: masafa yaliyozidi uwezo wa kompyuta yanakunjwa na kurudi chini. VCO ya Rack ina kinga dhidi ya hilo kwenye usawazishaji, lakini FM nzito inapita kinga hiyo. Ingia kwenye menyu ya injini upandishe kiwango cha sampuli hadi 96 kHz. Laptop ikilalamika, punguza kina cha FM au rudi kwenye mawimbi ya saini kwa mgeuzi na mbebaji. Msumeno kugeuza msumeno ni kelele tu mara nyingi.

Sauti ikiwa nyembamba kupita kiasi, huenda mbebaji yuko chini ya kiongozi. Kimo kikisogea wakati umefunga kila kitu, angalia kama kuna waya umeingia kwenye FM ya kiongozi.

Ukihamia kwenye mashine halisi, usitumie wimbi la saini kwenye SYNC. Osileta nyingi za analogi husubiri ukingo wa ghafla, na saini haina ukingo. Tundu la FM lisilo na nobu yake litahitaji kipunguzi kwa nje, la sivyo volti zote 5 zinaingia kwa pigo moja. Joto la chumba husogeza osileta za analogi, lakini zilizofungwa kwa SYNC hazihami na kimo. Rangi tu ndiyo inayobadilika kidogo, na hilo wengi wanalitafuta. Don Buchla, mtengenezaji wa sinthesaiza wa California, aliweka jozi nzima, osileta kuu na ya kuigeuza, ndani ya paneli moja kwenye moduli yake ya 259 ya miaka ya 1970, na watengenezaji kadhaa wa Eurorack wamefuata njia hiyo, kwa mfano DPO ya Make Noise. Moduli za namna hiyo zinapunguza nyaya. Kama bajeti ni ya moja kwa wakati, ningenunua kwanza osileta yenye SYNC mkali na matundu mawili ya FM, moja la kawaida na moja la mstari, kisha ya pili iwe rahisi kabisa, kwa sababu kiongozi hasikilizwi. Anachotakiwa ni kufuata kinanda vizuri na kutoa mraba.

Na weka moduli ya Recorder mwishoni mwa mnyororo tangu mwanzo, iwe inarekodi wakati unazungusha. Rangi nyingi za FM zinakaa kwenye upana wa nywele wa nobu, na kuzirudia kwa mkono ni kazi ngumu.